Bahari kupwa na kujaa: saa ya kushuka mwambani hujulikanaje, na kwa nini Ziwa Victoria halipwi?

MwalimuWaKanda ameuliza:

Habari za jioni ndugu zangu. Naomba msaada wa wanaoijua bahari. Wanafunzi 24 wa sekondari wanatoka Mwanza kwenda pwani ya mashariki ya Unguja kuangalia viumbe wa mwambani wakati maji yamekupwa. Wenyeji wametuambia neno moja tu: "Njooni bamvua (siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida), saa nne asubuhi mtakuta pakavu." Jedwali la kwenye simu kwa siku tuliyopanga linaonyesha 10:22 na pembeni 0.3, kisha 16:31 na pembeni 3.8.

Ninayotaka kuelewa ni haya. Je, hiyo 0.3 ndiyo kina cha maji watakayokanyaga wanafunzi? Tutoke saa ngapi na turudi saa ngapi? Kwa nini bamvua huja mara mbili kwa mwezi na si kila siku, ilhali maji hujaa na kupwa kila siku? Na la mwisho ni la wanafunzi wenyewe, ambao wamekulia ziwani: Ziwa Victoria ni kubwa hata ng'ambo haionekani, mbona maji yake hayapwi?

Nahodha_Kitope amejibu:

Karibuni pwani, mwalimu. Naanza na saa, maana hapo ndipo watu wanapoumia.

Kwanza jedwali. Saa za jedwali ni za kuhesabu 24, kwa hiyo 10:22 ni saa 4:22 asubuhi na 16:31 ni saa 10:31 jioni. Wapo waliosoma 10:22 wakadhani ni saa kumi, wakashuka jioni na kukuta bahari imejaa hadi kwenye minazi. Hakikisha pia kwamba programu ya simu inatumia saa za Afrika Mashariki. Nyingine hutoa saa za Greenwich, na hapo unakosea kwa saa tatu nzima, yaani nusu ya safari ya maji kutoka kupwa hadi kujaa.

Hiyo 0.3 si kina cha mahali utakaposimama. Ni mita 0.3 juu ya usawa maalumu wa ramani za baharini, ambao umewekwa chini sana kiasi kwamba maji hupwa hadi hapo au chini yake mara chache. Mwamba wenye kimo cha mita 1 juu ya usawa huo utakuwa mkavu kabisa maji yakiwa 0.3. Shimo lenye kina cha mita 2 chini ya usawa huo litakuwa na maji ya mita 2.3. Namba yenye alama ya kutoa mbele yake ina maana maji yameshuka chini hata ya usawa wa ramani, na hilo ni bamvua kubwa kweli. Namba ndogo, maji ya mbali, kumbuka hivyo.

Sasa tofauti ya siku yenu ni 3.8 kutoa 0.3, yaani mita 3.5, na muda wake ni saa sita na dakika tisa. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Mabaharia hugawa tofauti hiyo kwa kumi na mbili: saa ya kwanza baada ya kupwa maji hupanda sehemu 1, ya pili sehemu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwenu sehemu moja ni sentimita 29 hivi. Chukua mahali ambapo saa 4:22 maji yanagusa vifundo vya miguu, tuseme sentimita 10. Saa 5:22 yatakuwa sentimita 39, chini ya goti. Saa 6:22 yatakuwa 97, kiunoni kwa mtu mzima na kifuani kwa mwanafunzi mfupi. Saa 7:22 ni mita 1.84, na hapo hakuna mwanafunzi anayesimama. Angalia jinsi saa ya kwanza inavyodanganya. Mtu anaona maji yamepanda kidogo tu, anajiambia bado mapema, kumbe saa ya pili na ya tatu ndizo zenye maji.

Jambo la pili ni umbo la pwani yenyewe. Pale mashariki mwamba uko mbali, na kati ya mwamba na ufuko pana uwanda mpana wenye mabonde. Kwa nje mwamba ni mrefu kuliko mabonde yaliyo nyuma yake. Maji yanapogeuka hayaanzi kuja kwa kupanda mwamba mliosimama. Yanaingia kwanza kwenye milango ya mwamba, yanajaza mabonde ya nyuma, nanyi bado mko pakavu mnapiga picha. Mkigeuka mnakuta mto kati yenu na ufuko. Ndivyo watu wanavyokatwa na maji, na wengi wao wanajua kuogelea, ila mkondo wa kwenye mlango unawashinda.

Kwa siku yenu ningepanga hivi. Ondokeni ufukweni saa 2:45 asubuhi mkifuata maji yanavyorudi nyuma, si kwa kuyasubiri yaishe. Saa 3:45 muwe mmefika mwambani. Saa 4:20, yaani maji yanapokuwa chini kabisa, geukeni, hata kama kila kitu kinaonekana kimetulia. Ndiyo, kimetulia: kwa dakika ishirini hivi maji husimama bila kwenda wala kurudi, na utulivu huo humfanya mtu asahau saa. Saa 5:15 wote wawe mchangani na wamehesabiwa. Mtu mzima mmoja atangulie na mwingine awe wa mwisho, wote na filimbi. Mkifika mwambani chomekeni kijiti penye ukingo wa maji, mahali kila mtu anapoweza kukiona. Maji yakikipita kijiti, safari imekwisha, bila majadiliano.

Fizikia_Kidato amejibu:

Nahodha amemaliza ya saa, nami nachukua sababu.

Vitabu vingi huandika "mwezi huvuta maji juu" na kuishia hapo. Kauli hiyo inaleta swali ambalo mwanafunzi mwerevu ataliuliza tu: kama mwezi unavuta, mbona maji hujaa mara mbili kwa siku na si mara moja? Upande wa pili wa dunia nani anavuta?

Jibu liko kwenye neno tofauti. Mvuto hupungua kadiri umbali unavyoongezeka. Maji yaliyo upande unaoutazama mwezi huvutwa zaidi kidogo kuliko kitovu cha dunia. Kitovu nacho huvutwa zaidi kidogo kuliko maji ya upande wa nyuma. Kwa hiyo upande wa mbele maji hutangulia dunia, na upande wa nyuma dunia huyaacha maji. Yanatokea mabonge mawili ya maji, moja likiutazama mwezi na jingine likiupa mgongo. Dunia inapojizungusha, pwani moja hupita chini ya mabonge yote mawili.

Ila msidhani maji yananyanyuliwa kama ndoo kisimani. Nguvu hiyo ya tofauti ni kama sehemu moja ya milioni kumi ya uzito wa maji yenyewe, haiwezi kunyanyua chochote. Kinachofanyika ni kuyasukuma maji kwa mlalo, kidogo kidogo, katika bahari yenye upana wa maelfu ya kilomita, yakasogea pamoja na kujikusanya. Hapo ndipo lilipo jibu la watoto wa Mwanza. Ziwa Victoria lina urefu wa takriban kilomita 340 na upana wa kama 250. Kwa binadamu ni kubwa, kwa mwezi ni dogo: tofauti ya mvuto kati ya Mwanza na Jinja ni ndogo mno, na maji hayana pa kutoka wala pa kuingia. Kupwa na kujaa kupo ziwani, lakini ni kwa sentimita chache tu, na upepo mdogo tu unatosha kukuficha. Mnachokiona ziwani maji yakisogea asubuhi na kurudi jioni ni kazi ya upepo unaoyalimbikiza upande mmoja. Ukitulia yanarudi, yanabembea kama maji kwenye beseni. Na ziwa linapopanda kwa miezi, kama lilivyofurika 2020, hiyo ni mvua. Hata Bahari ya Mediterania, yenye mlango mwembamba pale Gibraltar, sehemu zake nyingi hazifiki nusu mita. Ukitaka kinyume chake, ghuba ya Fundy kule Canada hupata tofauti ya hadi mita 16 kwa sababu umbo na urefu wake vinapatana na mpigo wa bahari, kama mtoto wa bembea anayesukumwa kwa wakati wake.

Sasa bamvua. Jua nalo linavuta. Uzito wa jua ni takriban mara milioni 27 ya uzito wa mwezi, lakini liko mbali karibu mara 390 zaidi. Nguvu ya kupwa na kujaa hupungua kwa umbali uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe: 390 × 390 × 390 ni kama milioni 59. Gawanya 27 kwa 59 unapata 0.46. Yaani kazi ya jua ni karibu nusu ya kazi ya mwezi. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, jua, dunia na mwezi viko kwenye mstari mmoja, hivyo unajumlisha: 1 na 0.46 ni 1.46. Hilo ndilo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, jua linavuta pembeni, unatoa: 1 kutoa 0.46 ni 0.54. Hayo ndiyo maji mafu, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kidogo tu. 1.46 kwa 0.54 ni karibu mara tatu, na pwani yetu inaitii hesabu hiyo: tofauti ya kujaa na kupwa kwa bamvua la kawaida ni mita 3 na zaidi, Unguja likiwa kubwa hukaribia 4, na maji mafu ni kama mita 1. Kutoka mwezi mwandamo hadi mwandamo ni siku 29.5, kwa hiyo bamvua hadi bamvua ni siku 14 na robo tatu hivi.

Kwa nini saa husogea? Dunia ikimaliza mzunguko wake wa saa 24, mwezi umeshasogea mbele kwenye njia yake. Dunia inahitaji dakika 50 hivi zaidi kuufikia. Ndiyo maana mwezi huchelewa kuchomoza kila usiku, na maji huchelewa vilevile: kujaa hadi kujaa ni saa 12 na dakika 25.

BintiMwani amejibu:

Mwalimu wa fizikia ameeleza vizuri, ila naomba kurekebisha kitu kimoja kinachogusa kazi za watu. Bamvua halifiki kileleni siku ileile ya mwezi mwandamo au mpevu. Hukawia siku moja au mbili, kwa sababu bahari ni nzito na haigeuki papo hapo. Tarehe 14 ya mwezi maji yanazidi kwenda mbali, lakini tarehe 16 ndiyo mara nyingi huenda mbali kabisa. Kalenda ya ukutani yenye tarehe za mwezi wa Kiislamu inatosha kwa makadirio: tarehe 1 hadi 4 na 15 hadi 18 ni bamvua, tarehe 8 hadi 10 na 23 hadi 25 ni maji mafu.

Jingine ambalo watu wa bara hawaambiwi: pwani yetu bamvua lina saa zake, na hazibadiliki mwaka mzima. Maji huwa yamejaa kabisa karibu na saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na huwa yamekupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi na saa nne usiku. Maji mafu ni kinyume chake, hujaa karibu na saa nne au tano na kupwa karibu na saa kumi au kumi na moja. Kuanzia Lamu hadi Mtwara bahari ya wazi hupishana kwa dakika chache tu. Ndani ya hori na midomo ya mito ndipo huchelewa. Kwa hiyo mtu akikuambia "bamvua" ameshakutajia na saa.

Kilimo cha mwani kimesimama juu ya utaratibu huo. Mwani ulianza kulimwa Paje na Jambiani mwaka 1989, na tangu hapo ratiba ya wakulima, ambao wengi ni wanawake, ni bamvua hadi bamvua. Kazi hufanyika siku tano hadi saba, asubuhi, kisha inasubiri wiki. Vigingi huchomekwa mahali ambapo hata bamvua kubwa linabakisha maji kidogo. Ukivichomeka juu sana, mwani unaanikwa na jua la saa tano na kufa. Ukivichomeka chini sana, siku za kufika ni chache na mawimbi yanakata kamba. Kamba za mita nne au tano hufungwa kati ya vigingi viwili, na mbegu hufungwa kwa nafasi ya kiganja na kidogo. Baada ya wiki sita hivi, yaani bamvua la tatu tangu kupanda, huvunwa. Kotoni, aina ya mwani yenye bei nzuri zaidi kuliko aina nyingine iitwayo spinosamu, hauvumilii maji ya moto ya kina kifupi. Ndiyo maana wengine wamehamia maji marefu, na huko kunahitaji mashua na kujua kuogelea.

Kwa hiyo mwalimu, utakapopita na wanafunzi 24, kumbuka mnapita mashambani mwa watu. Msivuke kamba kwa kuzikanyaga wala msing'oe kigingi. Pitieni mchanga ulio kati ya mashamba. Omba ruhusa kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo, siku moja kabla, naye atakupa mtu anayejua njia. Na viatu: vya mpira vyenye soli ngumu na vinavyofunga kisigino. Kandambili hubaki kwenye tope. Kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi inayokatikia ndani ya mguu, na kuna samaki wa sumu anayefanana na jiwe kabisa. Aliyechomwa na samaki huyo mguu utumbukizwe kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia bila kuungua, mtu mwingine akiwa ameyapima kwa mkono wake kwanza, kwa nusu saa au zaidi, huku anapelekwa kituo cha afya.

MwalimuWaKanda:

Asanteni sana, nimeyanakili yote. Nifanye hesabu mnisahihishe. Tuseme usafiri umechelewa na tunafika siku ya tano baada ya mwezi mpevu. Siku 5 mara dakika 50 ni dakika 250, yaani saa nne na dakika kumi. Kupwa kwa mwezi mpevu ni saa nne asubuhi, kwa hiyo siku hiyo maji yatakupwa saa 8:10 mchana. Basi tunakula kwanza, tunashuka saa sita na nusu. Sawa?

Nahodha_Kitope:

Saa umeipata kwa makadirio, kina hukukipata. Na hilo la saa nalo lina walakini: dakika 50 ni wastani. Karibu na bamvua maji huchelewa pungufu ya hapo, dakika 35 au 40 kwa siku. Karibu na maji mafu huchelewa hata zaidi ya saa nzima. Hesabu ya kichwa inaweza kukosea kwa dakika arobaini, na dakika arobaini mmeona zinavyofanya. Itumie kuhakiki jedwali, usiitumie badala ya jedwali.

Kubwa zaidi, siku ya tano maji yameshaanza kufa. Yatapwa, lakini hayatapwa hadi kule. Mwamba mliokuja kuuona unaweza usitokeze kabisa, na uwanda wa kati ubaki na maji ya kiunoni hata saa ile ya chini kabisa. Kipimo ninachokipendekeza kwa kundi la watoto: jedwali likiwa 0.5 au chini, nendeni. Likiwa kati ya 0.5 na 0.8, ishieni nusu ya njia kwenye vidimbwi vya karibu; likizidi 0.8, wafundisheni ufukweni. Chelewesheni safari hadi bamvua la mwezi mwandamo kuliko kulazimisha siku.

Kama mna uhuru wa kuchagua mwezi, chagueni Machi, Aprili, Septemba au Oktoba. Nyakati hizo jua liko karibu na ikweta na mabamvua huwa makubwa kuliko ya Juni na Desemba.

Fizikia_Kidato:

Naongezea hapo. Njia ya mwezi si duara kamili. Hukaribia hadi kilomita kama 357,000 na kwenda mbali hadi 406,000. Kwa sababu ya ule umbali unaozidishwa mara tatu, nguvu yake ikiwa karibu kabisa ni karibu mara moja na nusu ya ile ya mbali kabisa. Ndiyo sababu mabamvua mawili ya mwezi mmoja hayalingani: moja linakwenda mbali sana, lifuatalo ni la wastani.

Na jedwali hukokotoa jua na mwezi tu. Halijui hali ya hewa. Kanieneo ya hewa ikishuka kwa milibari moja, bahari hupanda kwa kama sentimita moja, na upepo unaovuma kuelekea nchi kavu hulimbikiza maji juu ya hapo. Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia tarehe 4 Mei 2024, mwezi ulikuwa umebakisha siku nne kuandama. Kingefika wiki moja baadaye, katikati ya bamvua, maji yake yangepanda juu ya kujaa kukubwa zaidi. Kusi likivuma kwa nguvu, msitegemee maji yaende mbali kama jedwali linavyosema.

Mkaa_Shimoni amejibu:

Wamesema mengi, mimi nina mawili.

La kwanza ni alama ambayo kila mwanafunzi aijue kabla hajakanyaga mchanga. Ukishajua saa za maji, unajua pia saa ambazo si zake. Bahari ikirudi nyuma ghafla kwa dakika chache wakati inapotakiwa kujaa, si kupwa huko. Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko lilitokea Sumatra alfajiri kwa saa zetu, na saa kadhaa baadaye tsunami ikafika huku. Maji yalikwenda na kurudi mara kadhaa ndani ya saa moja, jambo ambalo mwezi hauwezi kulifanya. Ilifika mchana, saa chache kabla ya maji ya bamvua la mwezi mpevu kujaa, na hilo liliiokoa pwani yetu kwa sehemu kubwa. Hata hivyo Tanzania ilipoteza watu, Kenya mmoja, na Somalia mamia. Ukiona maji yanakimbia nje ya saa yake, usiokote samaki waliobaki wakirukaruka. Panda juu, na usishuke baada ya wimbi la kwanza, kwa kuwa linalofuata linaweza kuwa kubwa zaidi.

La pili ni kama mmepanga kwenda fungu la mchanga kwa mashua badala ya kutembea. Mwambieni nahodha asiivute mashua hadi pakavu. Maji yakiwa bado yanakupwa, dakika kumi na tano zinatosha mashua ipwelewe, na mashua ya watu kumi na tano iliyokaa juu ya mchanga haisukumwi na watoto. Hapo mtasubiri maji yairudishe, saa mbili au tatu juani bila kivuli. Itiwe nanga kwenye maji ya kiunoni, mtu mmoja abaki ndani akiisogeza nje kadiri maji yanavyoondoka. Chukueni maji ya kunywa lita mbili kwa kila mtu hata kama safari ni ya saa mbili.

MwalimuWaKanda:

Nashukuru mno. Tumeamua: tunabaki na tarehe ya kwanza, ile ya 0.3, na basi litaondoka Mwanza siku moja mapema ili tusichelewe boti ya Dar. Nitamtafuta sheha. Swali dogo la mwisho: jedwali la simu limeandika kituo ni Dar es Salaam, si Zanzibar. Nitafute jingine?

BintiMwani:

Tafuta la Zanzibar ukilipata, ila usikeshe kwa hilo. Tofauti ya saa ni dakika chache, na kina hupishana kidogo tu. Linganisha na la mamlaka ya bandari, maana programu nyingine hupima kimo kutoka usawa wa kati wa bahari badala ya usawa wa ramani. Utaigundua kwa urahisi: kupwa kwake kila siku kuna alama ya kutoa, kama -1.7, na kujaa ni 1.8 badala ya 3.8. Ukikutana na namba hizo, kipimo cha 0.5 alichokupa Nahodha hakitumiki kwake.

Na siku yenyewe, mkifika ufukweni saa mbili na nusu mkakuta wakulima wa mwani bado hawajashuka, msishuke nanyi.